San Francisco Deltas: kombe Novemba, kufuli Novemba

Tarehe 12 Novemba 2017, Uwanja wa Kezar jijini San Francisco, fainali ya NASL, ligi ya soka ya daraja la pili Marekani: San Francisco Deltas 2, New York Cosmos 0. Tommy Heinemann alifunga kwa penalti kipindi cha kwanza, Devon Sandoval akapigilia msumari dakika za nyongeza. Uwanja unaoingiza watu 10,000 ulikuwa na zaidi ya 9,000. Huo ndio ulikuwa msimu wa kwanza wa Deltas kucheza. Kabla mwezi haujaisha, klabu ilishavunjwa.

Kwa aliyezoea mpira wa kwetu hilo halieleweki haraka. Timu ikibeba ubingwa wa Championship inapanda Ligi Kuu, na hata kama haina hela, angalau ina nafasi ya kuwavutia wadhamini. Marekani hakuna kupanda wala kushuka. Ligi Kuu yao, MLS, unaingia kwa kununua nafasi. Chini yake kuna ligi zinazoitwa daraja la pili na la tatu, lakini daraja hilo hupewa ligi nzima na shirikisho la soka la nchi, kwa masharti ya fedha na ukubwa. Ligi yako ikinyang'anywa daraja, ubingwa wako haukusaidii kitu.

NASL ya Deltas ilifufua jina la ligi ya zamani ya Marekani, ile ya enzi za Pelé. Masharti ya daraja la pili yalikuwa haya: kila klabu iwe na mmiliki mkuu mwenye hisa zisizopungua asilimia 35 na utajiri wa dola milioni 20, dhamana ya dola 750,000, na uwanja wa viti 5,000 au zaidi. Ligi yenyewe ikifika mwaka wa sita iwe na timu 12, zilizotawanyika kwenye kanda tatu za saa. Mwaka 2017 NASL ilikuwa na timu nane tu, ikicheza kwa kibali cha muda.

Ile dhamana ipime kwa mapato ya mlangoni. Msimu ulikuwa na mechi 32, kwa hiyo 16 za nyumbani. Tuseme kila mechi wanaingia watu 2,500 kwa tiketi ya dola 20: ni dola 50,000 kwa mechi, 800,000 kwa mwaka. Hapo hujalipa mchezaji hata mmoja, na umeizidi dhamana kwa 50,000 tu. Hesabu hii ni ya mfano, lakini haiko mbali na hali halisi: siku za kawaida Kezar ilikuwa nusu tupu au zaidi.

Kwa nini tupu? Umbali kwanza, ambao pia ulikula hela. Deltas ndio pekee waliokuwa pwani ya magharibi. Jirani yao wa karibu ligini alikuwa FC Edmonton, Kanada, karibu kilomita 1,900. New York na Miami ni zaidi ya 4,000, Puerto Rico ni mbali zaidi. Kila mechi ya ugenini ni ndege na hoteli. Halafu kuna hasara isiyoandikwa kwenye vitabu: hakuna mashabiki wa timu ngeni wanaokuja, na hakuna dabi. Klabu changa bila dabi inauza tiketi kwa kubembeleza.

Halafu uwanja. Kezar uko pembeni mwa Golden Gate Park, ni mali ya jiji, na klabu ni mpangaji tu. Pana njia ya kukimbilia inayozunguka nyasi, kwa hiyo shabiki anakaa mbali na mstari. Maegesho ni haba. Jioni za Julai ukungu wa bahari unashuka na baridi inapenya koti. Mgeni anayedhani California yote ni jua anajuta. Mwaka 2007 palepale ilichezea California Victory, tawi la Alavés ya Hispania. Ilimaliza mkiani, wamiliki wakabadilika kule Hispania, na klabu ikafa baada ya msimu mmoja. Somo lilikuwepo miaka kumi kabla.

Uwanjani, Deltas hawakuwa na deni. Mkurugenzi wao, Brian Helmick, alitoka kwenye biashara za teknolojia na alikusanya wawekezaji wengi wa ulimwengu huohuo. Kocha alikuwa Marc Dos Santos, na golini alisimama Romuald Peiser, aliyekuwa naye Ottawa Fury ya Kanada. Mwaka 2015 hao wawili walifungwa na Cosmos 3-2 kwenye fainali ya ligi hiyohiyo, kwa hiyo hii ya Kezar ilikuwa ya kulipa kisasi. Ila kuichezea nyumbani ilitegemea bahati. Msimu uligawanywa nusu mbili, na Miami FC ilibeba zote. Deltas walimaliza wa pili kwenye jumla ya pointi, wakaitoa North Carolina FC 1-0. Miami ikatolewa na Cosmos kwa penalti. Ingepita Miami, fainali ingepigwa Florida.

Huku nje mambo yalishaharibika. Mwanzoni mwa Septemba shirikisho lilikataa kuipa NASL daraja la pili kwa mwaka 2018. Ligi ikaenda mahakamani, na mwanzoni mwa Novemba, wiki ya nusu fainali, jaji akakataa kuzuia uamuzi huo. Mwekezaji hawezi kumwaga hela ya msimu wa pili kwenye ligi isiyojua itakuwa daraja gani. Maoni ya hapa: mahudhurio yale yangeiua klabu hata hivyo, pengine mwaka mmoja au miwili baadaye. Mahakama iliharakisha tu.

Fainali ile ikawa mechi ya mwisho ya NASL. Indy Eleven na North Carolina wakahamia USL, ligi nyingine ya Marekani, Miami na Jacksonville wakashuka kwenye ligi ya ridhaa, Puerto Rico FC ikapotea. Dos Santos akaenda LAFC, klabu ya MLS, kuwa kocha msaidizi, kisha Vancouver Whitecaps, ya MLS pia, kama kocha mkuu. Kesi ya ligi ilibaki mahakamani Brooklyn, New York, hadi mwanzoni mwa 2025, jopo la raia wanaoamua kesi (jury) likaamua kwamba shirikisho na MLS hawakuwa na kosa.