Bao na Damu ya Baba: Nilivyojifunza Kuona Kete Nikiwa na Miaka 36

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa bao, yaani mchezaji hodari, na alipofariki alituachia mimi na mdogo wangu ubao mmoja wa mvule pamoja na mfuko wa komwe 64 zilizolainika kwa kushikwa miaka mingi. Ubao ulikaa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, lakini wote waliokuja kuhani walijua kwamba ufundi wenyewe ulikuwa umerithiwa na mdogo wangu. Wazee wa baraza letu la Kikwajuni, mjini Unguja, walikuwa wakisema mbele yangu, bila nia yoyote ya kuniumiza, kwamba yule mdogo ndiye aliyechukua damu ya bao, na kwamba mimi nilichukua upande wa mama. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Mtu akishaambiwa kwamba jambo fulani liko katika damu ya mwingine, huona hata aibu kulijaribu.

Nilianza kucheza kwa dhati nikiwa na miaka 36, baada ya arubaini ya baba, na sababu yangu ilikuwa majonzi tu: nilitaka kukaa pale alipokuwa akikaa. Kwa muda wa miaka miwili nilikwenda barazani karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, nikacheza mabao mengi nisiyoweza kuyahesabu, na sikupiga hatua yoyote. Nilikuwa nikifungwa na wazee, nikafungwa na vijana, na mara kadhaa nilifungwa mkononi, yaani kabla kete 22 ambazo kila mchezaji huanza nazo mkononi hazijaisha. Jambo hilo lilinishangaza kwa sababu kazi yangu ni uhasibu, na bao ni hesabu tupu: hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na kete zote zimo mbele ya macho ya wachezaji wote wawili tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na juhudi, basi, na juhudi hiyo haikunifikisha popote. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wanaozungumzia kipaji na bidii hudhani kwamba asiye na kipaji anachopaswa kufanya ni kuongeza saa. Mimi niliziongeza, na nilichozidi kukizoea ni kukosea vilevile.

Nilimwuliza mdogo wangu anafanyaje. Nilitaka anieleze anachokifikiria pale anapoangalia ubao kwa kitambo kifupi, kisha akachota kete na kuzisambaza kwa kasi mizunguko mitano au sita, huku akila na kuendelea, mpaka mkono wake ukalala, yaani zamu yake ikaishia, pale hasa alipotaka ulale. Alijitahidi kunijibu kwa unyenyekevu, maana ananiheshimu, lakini hakuwa na la kusema. "Kaka, mimi naona tu," aliniambia. Sikudhani kwamba ananificha siri, na hata leo sidhani hivyo, kwani hakika alikuwa akiona tu. Swali langu, ambalo lilinichukua muda mrefu kulipata, lilikuwa ni namna gani mtu hufika pahala pa kuona tu.

Aliyenionyesha njia ni mzee mmoja wa barazani, rafiki wa baba, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu kiasi cha kuzipapasa kete kwa vidole kabla ya kuzicheza. Siku moja aliniwekea mkono juu ya ubao nilipokuwa nataka kucheza, akaniuliza, "Mwanangu, ya mwisho itaangukia wapi?" Sikujua. Nilikuwa nimekusudia kuzisambaza kwanza ndipo nijue. Akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo, nikicheza naye, sitagusa kete mpaka niseme kwa sauti ya mwisho itaangukia shimo gani, nikikosea hata kwa shimo moja nirudishe kete zote na zamu inipite. Nilipoteza mabao yote ya mwezi ule, lakini kwa mara ya kwanza nilianza kujua nisichokijua.

Nieleze kidogo kwa wale waliozoea bao la aina nyingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazofanya duara la mashimo 16 upande wake. Katika safu ya mbele lipo shimo la mraba liitwalo nyumba, ambalo ni la nne ukihesabu kutoka mkono wa kulia wa mwenyewe na la tano ukihesabu kutoka kushoto. Ukinamua, yaani ukiingiza ubaoni kete ya mkononi, na kula kete za mwenzako, kete ulizokula huanza kusambazwa kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, la kushoto au la kulia. Kwa hiyo kula kete tano na kuzianzia kichwa cha kushoto ni kufika nyumbani, na kula nne na kuzianzia kulia ni kufika nyumbani vilevile. Kula kete 11 kutoka kushoto ni kupita safu yote ya mbele, kugeuka kona, na kuishia shimo la tatu la safu ya nyuma kutoka kulia. Mdogo wangu hahesabu haya, kama vile msomaji asivyotaja herufi moja moja anaposoma neno. Mimi nilikuwa bado nasoma kwa kutaja herufi, na mabao yote yale niliyocheza miaka miwili hayakunilazimisha kuacha.

Nikanunua daftari la mistari, lile tunalotumia kazini, nikaanza kujipa mazoezi usiku nikiwa peke yangu na ubao wa baba. Nilikuwa nikipanga hali fulani ya mchezo, nikaandika jibu langu la pahala ambapo mkono utalala, kisha nikazisambaza kete na kuandika jibu la kweli pembeni. Katika mazoezi 200 ya mwanzo nilipatia 58. Namba hiyo ilinisikitisha, lakini faida ya daftari haikuwa namba bali kuniwezesha kuyapanga makosa yangu kwa aina zake, kama nifanyavyo na vitabu vya fedha visipokubaliana. Karibu nusu ya makosa yalitokea kwenye kona, pale kete zinapotoka safu ya mbele kuingia ya nyuma, kwa kuwa nilikuwa nikilihesabu shimo la kona mara mbili bila kujitambua. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa kusahau kwamba mzunguko wa kwanza umekwisha kuongeza kete katika mashimo nitakayoyachota katika mzunguko wa pili, hivyo nikawa nahesabu kwa ubao wa zamani ambao haupo tena. Makosa mengine yalikuwa ya kimbi, pale ambapo kete zikiliwa kutoka mashimo mawili ya pembeni lazima zianzie kichwa cha upande uleule, nami nilikuwa nikijipa uhuru wa kuchagua ambao kanuni hainipi.

Nilishughulikia kona peke yake kwa wiki sita. Nilipanga hali ambazo ndani yake hakuna jambo jingine ila kugeuka kona, nikazirudia mpaka zikanichosha, na kuchosha kwenyewe kukawa dalili kwamba sasa zimekuwa nyepesi. Baada ya hapo nikaingia mizunguko miwili, kisha mitatu. Nilichambua pia mwanzo wa mchezo, ambao watu wengi huupitia kwa mazoea. Aanzaye hawezi kula, kwa sababu mashimo matatu aliyoyapanga, nyumba yenye kete sita na mawili yenye kete mbili mbili, hayakabiliani na lolote la mwenzake, kwa hiyo hana budi kutakata, yaani kusambaza bila kula. Kwa kuwa hatakati kwa nyumba ilhali ana mashimo mengine yenye kete, kete yake ya kwanza huingia katika moja ya yale mawili na kwenda kushoto au kulia, njia nne tu. Miaka miwili nilikuwa nikianza bao bila kujua kwamba uchaguzi wangu ni mdogo kiasi hicho na kwamba kila njia naweza kuijua kama ninavyoijua njia ya kwenda sokoni Darajani.

Wakati huo ndipo niliposoma kuhusu utafiti wa Wamarekani William Chase na Herbert Simon, uliochapishwa mwaka 1973, juu ya wachezaji wa sataranji. Waliwaonyesha bingwa na wachezaji wa chini yake ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kutoka kichwani. Ubao ulipokuwa umetoka katika mchezo wa kweli, bingwa aliwapita wenzake mbali sana. Vipande vilipopangwa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Nilimwomba mdogo wangu tulijaribu jambo hilo kwa bao, naye akakubali. Nilipanga hali ya mchezo wa kweli uliokwisha kuingia mtaji, yaani kete za mkononi zimekwisha, nikamwonyesha kwa sekunde 15, nikaufunika ubao kwa kanga, na yeye akayataja mashimo 27 sawasawa kati ya 32. Alipopanga yeye mchezo mwingine nami nikaangalia, nilipata 12. Kisha tukamwaga kete ovyo, mashimo yakajazwa bila utaratibu wowote, na hapo yeye alipata tisa nami nikapata kumi. Alikaa kimya akiutazama ubao, akaniambia kwamba zile kete zilikuwa zimemkera, hazikumwambia chochote. Hilo ni jaribio la nyumbani, la watu wawili na kanga moja, lakini usiku ule nilielewa kwamba kile nilichokuwa nikikiita jicho la kuzaliwa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kumbukumbu ya michezo mingi iliyopangika ndani yake.

Nikamwuliza mama michezo hiyo iliingia lini. Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote bila kulipima: mimi nilipelekwa Tanga kwa shangazi kusoma nikiwa na miaka minane, na mdogo wangu alibaki, naye alikuwa na pumu iliyomzuia kucheza mpira na wenzake, kwa hiyo kila alasiri baba alimchukua barazani na kumkalisha pembeni mwa ubao. Nilipiga hesabu kwa kujipunja: saa mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka saba, ni saa 4,200 kabla hajafika utu uzima, na karibu naye alikuwepo fundi wa kumjibu kila alipouliza kwa nini. Damu tuliyopewa mimi na yeye ni moja. Tulichopewa tofauti ni alasiri.

Hata hivyo siamini kwamba kipaji hakipo, na sipendi maandishi yanayodai hivyo. Mhangari László Polgár aliwalea binti zake watatu, Susan, Sofia na Judit, kwa nia ya kuthibitisha kwamba ubingwa hutengenezwa, akawafundisha sataranji tangu utotoni, na wote watatu wakafika mbali ajabu. Judit alipata hadhi ya bingwa mkuu mwaka 1991 akiwa na miaka 15, akaivunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya kuipata hadhi hiyo katika umri mdogo kuliko wote, na baadaye akaingia katika wachezaji kumi bora wa dunia, wanawake na wanaume kwa pamoja. Lakini Sofia, aliyelelewa nyumba ileile na mwalimu yuleyule, aliishia hadhi ya bingwa wa kimataifa, ambayo ni heshima kubwa ila iko chini ya ile ya dada zake wawili. Nikiutazama mfano huo kwa uaminifu naona mambo mawili kwa pamoja: kwamba bila mafunzo yale pengine asingefika hata mmoja, na kwamba mafunzo hayakuwasawazisha.

Hali yangu inafanana na hiyo. Leo ni mwaka wa sita tangu nianze daftari. Katika mazoezi 200 napatia zaidi ya 170, na wale vijana walionifunga mkononi sasa hufikiri kwanza kabla ya kukaa mbele yangu. Yule mzee nilimfunga mara mbili kabla hajaacha kuja barazani, na mara ya pili alinishika mkono akaushikilia kwa muda mrefu. Mdogo wangu bado ananishinda mara nne katika mabao matano, na akinishinda huona jambo ambalo nisingeliona hata ningepewa saa nzima. Ninapofika mzunguko wa tano kichwani, ubao huanza kunififia, naye hauoni ukififia. Hapo ndipo naamini pana kitu ambacho daftari langu haliwezi kukifikia, na nimekubaliana nacho bila kinyongo.

Mwezi uliopita alikwenda kucheza na mafundi kutoka Pemba, akafungwa mabao matatu kwa njia inayofanana, akarudi amenyamaza. Alipomaliza chakula nyumbani kwangu, alilichukua daftari juu ya kabati, akafungua kurasa za kimbi, akasoma safu ya makosa yangu ya miaka ya nyuma kwa kidole, pole pole, kisha akauvuta ubao wa baba katikati ya mkeka. "Kaka," aliniambia, "hebu nipangie hizi, nami nitasema kabla sijagusa."