Jinsi nilivyoondoa mtikisiko katika mashine yangu ya kuchongea mpingo

Mashine ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta, ambayo niliiunda hapa Mtwara kwa ajili ya kutia nakshi kwenye vibao, ilikata mbao laini bila shida, lakini kila ilipopewa mpingo, mistari iliyopita katikati ya meza ilipinda na kuacha alama za mtikisiko. Wengi hukimbilia kuilaumu programu. Mimi nilianza na chuma. Nilifunga kwenye kichwa cha mashine mizani ya ndoano, ya aina inayopimia samaki sokoni, nikavuta kwa kilo 5, na kichwa kikasogea zaidi ya milimita 1.

Hesabu ilikubaliana na kipimo. Daraja, yaani sehemu inayopita juu ya meza na kubeba kichwa, lilibebwa na shafti (fimbo za chuma za mviringo) mbili zenye kipenyo cha milimita 16, zilizoshikwa kwenye ncha tu, zenye urefu wa milimita 1,200. Na kwa kuwa mpindo wa shafti ya namna hiyo hufuata mchemraba wa urefu wake (urefu mara urefu mara urefu), kupunguza urefu kwa nusu hupunguza mpindo hadi sehemu moja ya nane. Vibao vyangu havizidi milimita 400, hivyo nilifupisha daraja hadi milimita 600, nikatumia bomba la chuma la mraba lenye reli zinazoliegemea kwa urefu wote. (Bomba lichomelewe kwanza, ndipo reli zifungwe, maana joto hulipinda.)

Skrubu inayosukuma kichwa sikuigusa: mota yenye hatua 200 kwa mzunguko, kwenye skrubu inayokisogeza milimita 8 kwa kila mzunguko, hutoa milimita 0.04 kwa hatua, kiasi kinachotosha kabisa kwa nakshi.