Ile bluu ya mama mhasibu

Juzi nimefungua viemu tatu kwa mpigo, yaani kompyuta za kuigiza zinazokaa ndani ya kompyuta ya kweli, moja ina Windows inawaka ndani ya Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, binti yangu akaja akasimama nyuma ya kiti, akaangalia weee, halafu akauliza, "Baba, hiyo kompyuta ya ndani inajua kwamba iko ndani?" Nikamwambia haijui, yenyewe inajiona ni kompyuta kamili. Akasema, "Kumbe unaidanganya." Akaenda zake jikoni kudai kiazi.

Neno hilo nimekaa nalo siku tatu sasa. Maana kwenye kazi hii kama kuna mtu nilimdanganya waziwazi ni yule mama mhasibu wa ghala la pembejeo kule Uyole, Mbeya.

Ilikuwa mwezi wa sita, 2014. Baridi la Uyole la mwezi wa sita mnalijua, vidole vinakataa kibodi. Lile ghala la pembejeo hesabu zake zote zilikuwa kwenye programu moja ya kizamani, inakubali Windows XP tu basi, na XP yenyewe Microsoft walishaacha kuitunza tangu Aprili 8 mwaka uleule. Kompyuta yake ilishaanza kukoroma, kwa hiyo miezi miwili nyuma nilikuwa nimeichukua XP yote kama ilivyo nikaihamishia kwenye VirtualBox, programu ya kuendeshea viemu, juu ya Ubuntu 14.04, ambayo ni Linux, kwenye mtambo wa mtumba wa i5 wenye RAM ya GB 8. Na ilifanya kazi, tusisingiziane. Mama alikuwa na dirisha lake, jioni anabonyeza kale ka X pembeni, anachagua ihifadhi hali yake, asubuhi anakuta kila kitu pale alipokiacha.

Sasa shida. Keneli ya Linux, yaani kile kiini chake kinachoongea na chuma, ikipata apudeti, kile kipande cha VirtualBox kinachochomekwa humo lazima kijengwe upya kifanane nayo, na siku kikigoma kujengeka unafungua unakuta inalalamika draiva ya keneli, yaani hicho kipande, haipo, rc=-1908, mama ananipigia, mimi niko Mwanjelwa, napanda gari mpaka Uyole kwenda kuandika amri moja. Umeme nao ukikatika ukarudi, mtambo unawaka ila viemu imelala mpaka mtu aje aibonyeze, kuna namna ya kuifanya ijiwashe lakini ilikuwa na mizunguko mingi mno kwangu.

Nikaanza kuulizia. Jamaa yangu wa Iringa, yule mbishi, akaniambia Xen, chombo kingine cha kuendeshea viemu. Xen inakaa chini kabisa juu ya chuma, Linux yako inabaki kuwa mpangaji kama wengine, tofauti yake ni kwamba yeye ndo ameshika funguo. Ilitoka Cambridge 2003, enzi ambazo prosesa zetu hazikuwa na msaada wowote wa kazi hii, ikawa lazima mfumo wa ndani ufanyiwe marekebisho kwenye keneli yake ili ukubali kukaa. Nikamuuliza XP nani atamrekebishia keneli? Akanijibu VT-x ya Intel, ule msaada wa viemu ndani ya prosesa yenyewe, ipo tangu 2005, Xen inaitumia, haina haja ya kurekebisha kitu. Kweli. Ila kwa mtambo mmoja wa ghala niliona kama kununua fuso kubebea debe la mahindi. Wiki iliyofuata akawa ameshahamia FreeBSD, mfumo mwingine kabisa, ananiimbia bhyve, chombo chao cha viemu kilichoingia kwenye toleo la 10.0 Januari ile, nikamuuliza inawasha Windows? Akakaa kimya, maana wakati ule ilikuwa bado. Konteina za LXC, vile vijichumba vya kutenga programu ndani ya Linux, ni nyepesi kweli lakini zote zinakula keneli moja ya Linux, XP haingii humo hata kwa kusukumwa.

Ikabaki KVM, njia ya Linux yenyewe ya kuendesha viemu. Yenyewe imo ndani ya keneli tangu 2.6.20, Februari 2007, apudeti ikija inakuja nayo, hakuna cha kujenga upya. Na libvirt, programu ya kuzisimamia viemu hizo, ina amri moja tu ya kuiambia viemu ijiwashe mtambo ukiwaka. Nilishawishika, na niseme ukweli nilitaka pia kumringia yule wa Iringa.

Jumamosi ya Juni 28, mwaka wa hesabu unafungwa Jumatatu. Mtu mwenye akili timamu hahamishi kitu wikiendi kama ile lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, akili ilikuwa njiani inakuja. Mlinzi ana redio yake nje, Brazil na Chile, Kombe la Dunia, saa moja usiku. Nikaianza kazi, amri ya qemu-img inageuza ile diski kutoka vdi, muundo wa VirtualBox, kwenda qcow2, muundo wa upande wa KVM, pole pole, asilimia zinapanda kama lori la mbolea kwenye mlima. Mama alikataa kwenda nyumbani. Kajifunga vitenge viwili juu ya sweta, jiko la mkaa kaliweka pale mlangoni, chai ya tangawizi kwenye chupa. "Mwanangu, hizo hesabu hazilali peke yake leo."

Kwenye kutengeneza viemu mpya nikafika penye aina ya diski, nikachagua virtio. Kila nilipokuwa nimesoma walikuwa wanaisifia kwa kasi. Na sababu ya kasi yake ndiyo hii, na hapa ndo nimegundua binti yangu nilimjibu nusu: diski ya IDE, ile aina ya kizamani, ni maigizo, QEMU inayofanya kazi na KVM inaigiza diski ya zamani na mfumo wa ndani unaamini. Virtio haiigizi. Ni mfumo wa ndani kuambiwa wazi, bwana wewe uko ndani, tuongee lugha ya mkato. Sasa XP hiyo lugha haikufundishwa, inahitaji draiva yake, yaani programu ndogo ya kuifundisha.

Nikabonyeza iwake. Nembo ya XP, kale kamstari kanapita mara ya kwanza, mara ya pili, pwaa, bluu. Ikajizima ikajiwasha. Bluu. Nikaiwahi na F8 isijirestati, ikatulia na maandishi yake meupe, 0x0000007B.

Nakumbuka mkaa ulivyokuwa unalia. Nakumbuka kikombe changu kimeacha duara juu ya daftari la stoo la mama, nikalifuta na mkono wa sweta likazidi kutapakaa. Ile bluu ilikuwa inammulika usoni, miwani yote imekuwa bluu, kainama karibu kabisa na skrini kama mtu anayesoma dawa, akauliza kwa upole, yaani kwa upole kabisa, "Hii bluu ndio nini, mwanangu?"

Wakati huohuo nje mlinzi akapiga ukelele, yule mshambuliaji Pinilla wa Chile kagonga mwamba dakika za mwisho kabisa.

Nikasema, "Inajipanga, mama."

Akasema, "Aa. Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Akakaa chini, akanimiminia chai.

Miaka ishirini ya hesabu za watu, mbolea za mkopo za vijiji viwili vitatu, na mimi namwambia inajipanga. Tumbo lilikuwa baridi kuliko Uyole. Ile diski ya awali ilikuwepo, kugeuza hakufuti ya zamani, hilo nililijua kichwani, lakini mikono ilikuwa haijui. Wakawa wameingia penati. Ndo katikati ya zile penati, mlinzi anahesabu kwa sauti, nikakumbuka kwamba 7B maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski yake yenyewe ya kuwakia, haijafa, haina macho tu. Nikarudisha IDE, ikawaka. Nikaizima, nikaipachika diski nyingine ya uongo ya GB 1, hiyo ndo iwe virtio, nikawasha tena, XP ikasema imeona kifaa kipya, nikaipa draiva kutoka kwenye fleshi, ikameza. Nikaizima, diski kubwa nayo nikaigeuza virtio. Nikashika pumzi. Ikawaka.

Brazil walishinda 3 kwa 2. Mama alifungua vitabu vyake, akatafuta ingizo la mwisho la Ijumaa, akalikuta, akavua miwani.

Jumatatu umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, mtambo ukawaka, viemu ikajiwasha yenyewe kabla mama hajamaliza kusalimia watu. Nikampigia wa Iringa nikaongea dakika kumi bila kumpa nafasi.

Lakini sasa lile dirisha lake halikuwepo. Kuna virt-manager, programu yenye dirisha la kufungulia viemu za KVM, nikamfundisha, akawa anasahau, mara kazima kabisa badala ya kufunga, mara ananipigia anauliza ka X kake kako wapi. Mwaka uliofuata nikaenda Dar, na kijana aliyenipokea wiki ya kwanza tu akarudisha VirtualBox, eti mama kaomba dirisha lake. Nilinuna sana. Nikaona amenibomolea nyumba. Siku hizi nikifikiria sielewi hata nilikuwa namjengea nani, ingawa ile Jumatatu nayo ilikuwepo, siwezi kuifuta.

Mwaka jana nimekutana naye sokoni Mwanjelwa, kastaafu, ana mfuko wa viazi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona umenenepa. Akaanza kunihadithia laptopu ya mjukuu wake ilivyotoa bluu, nyumba nzima wamechanganyikiwa, yeye akawatuliza. Akawaambia acheni kuigusa, hiyo inajipanga.

"Tuliiacha kutwa nzima," akasema.

"Ikajipanga?"

"Wapi! Tukapeleka kwa fundi pale Kabwe, kabadilisha diski. Nikamwambia, za siku hizi hovyo, za zamani zilikuwa zinajipanga zenyewe."

Nikambebea viazi mpaka kwenye bajaji.