Jioni yangu na Didymos

Jana jioni nilikaa zaidi ya saa tatu nikihariri makala ya kamusi elezo kuhusu Didymos, asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka Jua) iliyogunduliwa mwaka 1996, ambayo jina lake ni la Kigiriki na maana yake ni pacha. Ina upana wa mita 780 hivi, nayo inazungukwa na mwezi mdogo uitwao Dimorphos, wa mita 160 hivi.

Sentensi iliyonishughulisha kuliko zote ilisema kwamba chombo cha anga cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho DART "kiliigonga Didymos na kuiondoa katika njia ya kuelekea Dunia". Nilipoilinganisha na taarifa za NASA zenyewe, niliona kwamba ina makosa mawili. Kilichogongwa tarehe 26 Septemba 2022 ni Dimorphos, wala hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa ikielekea kutugonga, kwani lilikuwa jaribio tu la kuona kama kugonga asteroidi kunaweza kubadilisha mwendo wake. Kilichopimwa ni muda ambao Dimorphos huchukua kumzunguka mwenzake, ambao ulipungua kutoka saa 11 na dakika 55 hadi saa 11 na dakika 23, ilhali kupungua kwa sekunde 73 tu kungetosha kuhesabiwa mafanikio.

Kosa la namna hii linaniuma, kwa sababu mwanafunzi akilisoma atalala na hofu isiyo na msingi. Nimeandika upya aya nzima, na nimeongeza habari za Hera, chombo cha Ulaya kilichorushwa Oktoba 2024 kwenda kuyachunguza matokeo ya mgongano huo kwa karibu.