DJ wa Harusi ya Mdogo Wangu

Katika bajeti ya harusi ya mdogo wangu, iliyofanyika Moshi mwezi Desemba 2014, muziki uliandikwa karibu na mwisho wa karatasi, chini ya ukumbi, vinywaji, keki, mapambo na gari la maharusi, na fedha zilizotengwa kwa ajili yake hazikufikia robo ya zile za mapambo. Niliomba nafasi ya kusema, nikapewa, nami nikaieleza kamati kwamba maua wageni watayatazama wanapoingia na wanapopiga picha, lakini sauti watakaa nayo kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, watake wasitake. Mwenyekiti wetu, ambaye ni baba yetu mdogo na amekwisha kuongoza kamati nyingi za harusi pale Kibosho, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, mwanangu, jambo hili tumekukabidhi wewe. Utuletee mtu, na utueleze kwa nini huyo na si mwingine."

Nilikuwa na sababu ya kulishikilia. Miezi michache nyuma tulikuwa tumealikwa kwenye harusi ya jamaa yetu mjini Arusha, na bibi mzaa baba, aliyekubali safari ya kilometa zipatazo 80 kwa umri wake ili amwone mjukuu akikata keki, aliketishwa kwa heshima zote kwenye meza ya mbele, hatua chache kutoka kwenye spika zilizopangwa sakafuni. Keki haijaletwa, akaniomba nimtoe nje kwa sababu alihisi kifua kinamgonga. Na katika nasaha zote walizotoa wazazi hakuwa ameambulia neno. Nje tuliwakuta wazee wengine wameketi kwenye viti vya plastiki karibu na jiko. Mimi ni muuguzi, na kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi wa afya kazini naifahamu: sauti ya desibeli 85 inahesabiwa kuwa ya kuvumilika kwa saa 8, na kila inapopanda kwa desibeli 3 muda huo hukatwa nusu, kiasi kwamba ikifika desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Harusi zetu huchukua saa tano au sita. Mtu anayeshika vitasa vya sauti usiku huo ameshika masikio ya watoto na wazee wa koo mbili, na kwa maoni yangu anastahili kuchaguliwa kwa uangalifu kama tunavyomchagua mpishi.

Desemba ni mwezi mgumu kwa anayetafuta DJ katika mkoa wa Kilimanjaro. Wachaga walioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na familia hutumia nafasi hiyo kufungisha ndoa, kubatiza na kusherehekea kipaimara, hivyo watu wa muziki walio wazuri huwa wamekwisha kuchukuliwa miezi mingi kabla. Nilianza mapema, na nilijiwekea sharti moja, kwamba sitapeleka kwenye kamati jina la mtu ambaye sijamwona akifanya kazi mbele ya wageni. Wengi walinipa diski za muziki waliokuwa wameuchanganya wenyewe, na baadhi zilikuwa nzuri sana kuzisikiliza nyumbani, lakini diski hutengenezwa chumbani, mahali ambapo hakuna bibi mwenye njaa, hakuna mshereheshaji anayesubiri zamu yake wala wapambe waliochelewa mlangoni.

Wa kwanza niliyemfuatilia alikuwa na jina kubwa Arusha, na ndiye aliyetakwa na wajumbe vijana wa kamati. Nilimwona kwenye sendofu moja huko Njiro. Vyombo vyake vilikuwa vya hali ya juu na mikono yake ilikuwa myepesi. Aliunganisha wimbo na wimbo bila mtu kujua mmoja umeishia wapi. Hata hivyo alikuwa na maiki yake mwenyewe na aliitumia muda wote, hata mshereheshaji alipokuwa akitambulisha wazazi. Tena alifanya jambo ambalo kwangu lilimaliza mjadala. Rumba ya Kikongo, pamoja na dansi letu la zamani, huanza taratibu, mwimbaji akisimulia shida yake, na baada ya dakika kadhaa magitaa huachiwa yatambe katika sebene. Anayeupenda muziki huo huvumilia mwanzo wake kwa furaha kwa sababu anajua kinachokuja. Yule bwana alipiga nyimbo za aina hiyo na kila mmoja aliukata kabla sebene haijaingia. Niliwaona watu wazima waliokuwa wameinuka, mume na mke, wakisimama katikati ya ukumbi bila kujua wafanye nini, kisha wakirudi kwenye viti vyao, na hawakuinuka tena usiku ule.

Mwingine alikuwa mtu wa makamo wa hapa Moshi, mwenye hazina ya muziki wa dansi ambayo sijaona mfano wake, na kwa upande wa baba na rafiki zake angefaa mno. Lakini bibi harusi wetu ni Mbondei wa Muheza, na tulikwisha kuambiwa kwamba kosta nzima ya shangazi na mama wadogo ingeondoka huko alfajiri, ipite Korogwe, Mombo na Same hadi Moshi. Nilimuuliza kuhusu taarabu. Alijibu waziwazi kwamba yeye hapigi taarabu, nami nilimshukuru kwa ukweli wake, kwa sababu kumwalika mtu wa Tanga kwenye sherehe ndefu kiasi kile bila kumpigia taarabu hata kidogo ni kumwambia kwamba amekuja kutazama harusi ya wenzake.

Kijana tuliyemchukua hatimaye nilimkuta Kibosho kwenye sherehe ya kipaimara. Alikuwa mkazi wa Pasua, mpole, na vyombo vyake vilikuwa vya wastani. Nilichokiona kwanza ni macho yake: wenzake wengi huinamia kompyuta muda wote, yeye aliwatazama watu. Wakati wa chakula muziki ulikuwa chini kiasi cha mtu kuweza kuzungumza na jirani yake bila kumpazia sauti. Kina mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo walipoinuka na zawadi zao wakijipanga kule nyuma, alikwisha kuwaona. Walipofika mlango wa kati, wimbo wao ulianza, wa mwendo unaolingana na hatua za mama aliyebeba beseni kichwani. Mshereheshaji alipoinua mkono, sauti ilishuka kabla hajafungua kinywa. Nilibaki pale hadi mwisho ingawa mwenyeji hakuwa ndugu yangu wa karibu.

Nilimfuata akikunja waya zake. Aliniamkia, nikaitikia, nikamweleza shida yangu na tarehe. Badala ya kunitajia bei aliuliza, "Dada, wageni wenu ni akina nani?" Alitaka kujua wanatoka wapi, wazee ni wangapi kwa kukadiria, kama kutakuwa na kwaya, kama kuna msiba wa karibuni katika familia mojawapo, kama ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, itaingizwa kabla ya keki au baada yake, na vikundi vya kutoa zawadi ni vipi. Kisha akaomba namba ya simu ya mzee mmoja wa upande wa bibi harusi na ya mzee mmoja wa upande wetu, awapigie mwenyewe. Nilimpa ya baba na ya mjomba wa bibi harusi.

Kikaoni haikuwa rahisi. Kamati ilikuwa imetenga shilingi 400,000 na kijana alitaka 600,000, na mweka hazina, shangazi yetu, aliuliza kwa nini tumlipe mtu asiye na jina fedha kama hizo. Mwenyekiti naye aliuliza ukubwa wa spika zake. Niliwaeleza niliyoyaona Njiro na niliyoyaona Kibosho, nikawasomea masharti ambayo kijana alikubali kuyatia sahihi: nusu ya malipo mapema na nusu baada ya kazi, maiki mbili zenye betri mpya, yeye kutozungumza kwenye maiki, sauti ya chini wakati wa chakula na nasaha, na msaidizi wa kumpokea akienda kula. Nilieleza pia kwamba hakupunguza bei kwa sababu alikuwa na gharama ya msaidizi, usafiri na kifaa cha kuhifadhi umeme, na kwamba mimi namheshimu fundi anayejua kazi yake inagharimu nini. "Shangazi," nilisema, "ile 200,000 tuitoe kwenye maua ya mezani." Shangazi alisitasita, akamtazama mwenyekiti, akapiga mstari kwa kalamu yake. Wajumbe vijana hawakuridhika, na niliahidi mbele yao kwamba watapata saa yao nzima.

Siku chache kabla ya harusi alikuja ukumbini mchana. Ulikuwa ukumbi wa kawaida wa Moshi, kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la bati lisilo na dari sehemu ya nyuma. Alisimama katikati akapiga makofi, akasikiliza sauti ikirudi kutoka ukuta wa nyuma, kisha akamwomba mpambaji ahamishie huko mapazia mazito yenye mikunjo, kwa kuwa ukuta mtupu huirudisha sauti na maneno ya mshereheshaji yakakanyagana. Spika alitaka ziwe juu ya stendi, zipite vichwa vya watu wa mbele, na nyingine mbili ndogo ziwe katikati ya ukumbi ili waliokaa nyuma wasikie bila yeye kulazimika kuwaumiza walio mbele. Meza za wazee alizihamishia ubavuni. Aligundua pia kwamba soketi ya jukwaani ilikuwa laini moja na majokofu ya vinywaji, akamsihi fundi wa ukumbi amvutie laini ya peke yake. Mambo haya hayaonekani kwenye picha za harusi, na hakuna mgeni aliyeyajua, lakini ndiyo yaliyomfanya bibi akae kwenye kiti chake usiku kucha.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri na sehemu kubwa sina haja ya kuisimulia. Maharusi waliingia, ndafu ikaingizwa kwa shangwe, keki ikakatwa. Umeme ulikatika katikati ya nasaha za mama. Taa zilizimika, lakini maiki haikuzimika, na mama aliendelea kusema gizani hadi jenereta lilipowaka, bila kupoteza neno. Shangazi wa Muheza walipoitwa kutoa zawadi, taarabu ililia kwa mara ya kwanza, nao walitoka mezani kwa mwendo ule wa pole wa kwao, leso mkononi, wakituza, na kina mama wa Kibosho wakaacha viti vyao na kujiunga nyuma ya mstari.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuja baada ya zawadi. Mshereheshaji aliwaita baba yangu na mjomba wa bibi harusi wafungue muziki wa wazee, na kulisikika magitaa ambayo baba aliyatambua kabla hajafika katikati ya ukumbi. Kijana alikuwa amewapigia simu wote wawili. Baba alimweleza kwamba mwaka 1970 alikuwa Arusha akijifunza ufundi wa magari, na kwamba mwisho wa juma alikwenda kusikiliza Arusha Jazz. Mjomba, kwa upande wake, alimweleza habari za ndugu wa ukoo wa Kinyonga, ambao aliwaona ujanani mwake wakipiga na Jamhuri Jazz mjini Tanga, kabla hawajahama. Kijana aliunganisha simu hizo mbili, kwa sababu ni watu walewale: ndugu wa Kinyonga waliondoka Tanga, wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Wazee wawili ambao hadi jioni ile walikuwa wamezungumza mambo ya mahari na ratiba tu walikuwa wamecheza muziki wa watu wamoja, mmoja Tanga na mwingine Arusha, kila mmoja akidhani ni wa kwao.

Mshereheshaji aliyasema hayo kwa maneno machache na kunyamaza. Wimbo uliachwa uende hadi mwisho, magitaa yote yakaachiwa, na ulipokwisha uliingia mwingine wa bendi hiyohiyo. Mjomba alimshika baba mkono wakawa wanacheza huku wanazungumza, bila shaka wakitajiana kumbi na majina. Mama alijiunga, kisha shangazi, kisha watu wa umri wao wa pande zote mbili, na bwana harusi na mkewe wakasimama pembeni wakiwapigia makofi wazazi wao. Nililia, na nilikuwa nalia kwa furaha.

Vijana walipata saa yao kuanzia saa nne na nusu, kama nilivyoahidi, na sikusikia mjumbe yeyote akilalamika. Saa sita kamili muziki ulifungwa kwa mujibu wa mkataba wa ukumbi. Nilimkabidhi kijana bahasha ya salio, naye akaomba nimpeleke kwa mjomba kabla kosta haijaondoka kwenda kwenye nyumba ya wageni, kwa kuwa mzee alimtajia kwenye simu kwamba ana kanda za zamani za Tanga ambazo hazijawahi kunakiliwa. Walizungumza mlangoni kwa muda mrefu. Kanda zilifika Moshi kwa basi mwezi Januari, zimefungwa ndani ya boksi la maziwa ya unga, na kijana alinipigia simu siku hiyohiyo kunijulisha kwamba mbili kati ya hizo bado zinasikika vizuri.