Usiku Tuliposoma Mita

Ankara ya maji ya mwezi ule ilipofika, baba aliisoma, akaikunja, kisha akaikunjua tena kana kwamba tarakimu zingebadilika ndani ya mikunjo. Maji tuliyodaiwa yalikaribia kuwa maradufu ya kawaida, ilhali nyumbani hakukuwa na mtu aliyeongezeka. Kabla ya jioni amri zilikwisha kutangazwa: kila mtu aoge kwa ndoo moja, maji ya kusuuzia nguo yawekwe ya kudekia, na bomba lifungwe wakati wa kupiga mswaki. Hazikuwa amri mbaya, na hadi leo ninazifuata. Ila ankara iliyofuata ilishuka kidogo tu, na lawama zikatuangukia sisi watoto.

Wakati huo shangazi alikuwa amekuja kututembelea, naye ni mtu ambaye siku zote aliamini daftari kuliko maneno. “Kaka, usiwafokee watoto bure,” alisema. “Kwanza tuiulize mita.”

Usiku, baada ya wote kumaliza shughuli zao, alipiga marufuku kugusa bomba lolote, akanishikisha tochi, tukaenda kwenye mita ambayo nilikuwa nikiipita kila siku bila kuitazama. Chini ya kioo kulikuwa na tarakimu nyeusi zinazohesabu mita za ujazo, kila moja ikiwa ni lita 1,000, na nyekundu zinazohesabu sehemu zake. Pembeni palikuwa na kigurudumu kidogo chenye meno, kilichowekwa ili kuonyesha hata mtiririko hafifu. Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, lakini kigurudumu kile kilizunguka polepole, kikisita kidogo kabla ya kila mzunguko, bila kusimama.

Tuliandika tarakimu zote, na alfajiri, kabla mtu yeyote hajanawa uso, tukazisoma upya. Katika muda wa saa 8 zilikuwa zimepita lita 160, watu wote wakiwa wamelala. Shangazi alipiga hesabu pembeni mwa karatasi: lita 20 kwa saa ni lita 480 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 14,400. Baba alimpokonya kalamu akazidisha mwenyewe, akapata jibu lile lile, na sikumbuki kumsikia akitaja habari za kuoga tena siku ile.

Kilichobaki kilikuwa kujua maji yanapotokea. Uani hapakuwa na unyevu, wala hakuna bomba lililodondosha. Shangazi alifunua tangi la choo cha kuvuta, akadondoshea rangi ya chakula, akatuamuru tusubiri robo saa bila kuvuta. Muda huo haujaisha, michirizi myekundu ilikuwa ikiteremka kwenye bakuli la choo, kimya kabisa, myembamba kiasi kwamba bila rangi jicho lisingeiona. Kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi kilikuwa kimekakamaa na kupinda ukingoni, hivyo hakikukaa sawasawa juu ya tundu lake. Maji yalipopungua, boya lilishuka na kufungua mengine, usiku na mchana.

Baba, kwa hamaki ya mtu aliyeibiwa, alitaka choo kizima king’olewe. Shangazi alikataa katakata, na nadhani alikuwa na haki, kwa kuwa kizibo ni kitu cha bei ndogo na hakihitaji fundi. Alifunga valvu iliyo ukutani, akavuta choo ili tangi libaki tupu, akachomoa mpira ule wa zamani uliomwachia weusi vidoleni, akasugua chokaa iliyoganda kwenye mdomo wa tundu, kwani kizibo kipya kikikalia chokaa huvuja vile vile, kisha akapachika kingine. Mnyororo aliuacha ulegee kidogo; ukikazwa mno hukinyanyua kizibo, na ukiwa mrefu mno hunasa chini yake.

Tuliporudi kwenye mita, kigurudumu kilikuwa kimesimama, na ankara ya mwezi uliofuata baba aliilipa bila kuikunja.