Wingu la Baghani

Novemba ile mvua za vuli zilitupa nafasi ya asubuhi moja. Nikapanda juu ya nyumba ya mama mdogo, Baghani, mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, nichore kwa rangi za maji minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu na mabati yenye kutu yaliyoizunguka. Karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, nimeibana ubaoni kwa tepu. Nyepesi kuliko hiyo hujikunja ikilowa, rangi ikatuama mabondeni.

Penseli ya 4B, dakika 5 basi. Mistari ikizidi, mkono huishia kujaza vidirisha. Ila mpaka wa vivuli niliutia mapema, maana jua halingoji.

Nililowesha anga lote, nikapaka bluu ya altramarini nyepesi kama chai ya rangi, chini nikatia manjano ya udongo na kuiteremsha hadi kwenye kuta za chokaa bila kuinua brashi. Anga na ukuta vikigusana namna hiyo, mji hushikana. Mabati yaliyopigwa na jua niliyaacha karatasi tupu. Rangi nyeupe haing'ai vile.

Wakati wa kaskazi, dakika 10 zingetosha kukauka. Siku ile hewa ilijaa unyevu, dakika 20 zikapita karatasi bado ina mng'ao hafifu. Sikusubiri. Nikagusa nyuma ya mnara kwa brashi namba 12 iliyojaa maji, na maji yakazisukuma chembe za rangi zilizokwisha kuanza kutulia. Likachanua doa lenye kingo za meno, kama koliflawa. Kulisugua ni kuchuna karatasi, nikaliacha.

Vivuli nilivipiga karatasi ilipokauka kabisa: altramarini na sienna ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, nzito kama maziwa, kwa mkupuo mmoja kutoka ukuta hadi kichochoroni. Mchanganyiko huo huacha chembechembe, na kuta zetu za mawe ya matumbawe ndivyo zilivyo. Kutu nikaimalizia kwa brashi iliyokamuliwa kitambaani, nikiiburuza kwa ubavu.

Mama mdogo akaja kuanua nguo.

"Mbona madirisha matatu tu?"

"Mengine yamo kivulini, mama."

Akatazama juu, kweupe hata kipande cha wingu hakuna, kisha akarudi kwenye karatasi.

"Na wingu hili umelitoa wapi?"